Mama Watatu, Magari Matatu

Kabla hamjaniuliza, ndiyo, ni mimi. Yule mzee kwenye ile picha inayozunguka katika simu zenu, ameshika karatasi aliyoisaini kwamba yeye ni mwongo na mpiga propaganda, ni mimi Bwambale wa Bugoye. Saini ni yangu, kofia ni yangu, na tumbo pia ni langu, ingawa aliyepiga picha angeweza kunihurumia akasogea upande kidogo. Nasikia kuna baadhi yenu mnaotaka kuifanya kazi niliyoiacha, mmeshanunua simu za kamera tatu, na mmenitumia salamu mkitaka mawaidha. Haya, kaeni vizuri. Mawaidha ni ya bure, kama habari zangu zote zilivyokuwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuripoti vita vya ng'ambo, ile nchi unayoiona ukisimama Bwera, mpakani, na kutazama upande wa pili wa mto Lhubiriha. Nilikuwa na ukurasa mtandaoni, nikauita Habari za Ng'ambo. Mhariri nilikuwa mimi, mwandishi mimi, mpiga picha mimi, na habari ikichelewa nilijigombeza mwenyewe.

Kwa kazi hiyo nimepewa vyeo. Jeshi la ng'ambo lilisema mimi ni mdomo wa waasi. Waasi wakanitumia ujumbe wa sauti kwamba mimi ni mdomo wa jeshi, na kwamba wanajua mahali ninapokunywa chai. Halafu kulikuwa na bwana mmoja anayeishi nchi ya baridi, hajakanyaga huku tangu akiwa wa kunyonya, ambaye kila asubuhi aliandika chini ya habari zangu kwa herufi kubwa kwamba natumikia pande zote mbili. Huyo nilimheshimu kuliko wote, maana hakuwahi kukosa siku hata moja, na mimi nilikosa.

Tuanze na masikio, maana ninyi mnadhani kazi hii ni ya macho. Siku moja jamaa alinitumia sauti, anahema, ananong'ona, anasema yuko kichakani ng'ambo na risasi zinapita juu ya kichwa chake. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau chai yangu. Nikasikiliza mara ya pili. Nyuma yake kulikuwa na mama anayefoka kwamba hiyo ngege imelala, hainunui, mwenye mtumbwi aitafutie mjinga mwingine. Vita gani hivyo vyenye samaki aliyelala? Jamaa alikuwa Kasenyi, upande wetu, ufukweni mwa ziwa, anapigana na njaa tu. Kwa hiyo sikilizeni nyuma ya msemaji: kengele ya shule, jogoo, mvua juu ya mabati wakati huko anakosema kuna jua kali. Mwongo huandaa maneno yake vizuri, lakini jogoo hamwandai.

Macho nayo yana kazi yake. Picha ikija, acha moto, acha maiti, tazama miti. Wakati mmoja niliweka picha ya lori linaloungua Beni, mji wa ng'ambo, nikaandika kwa uchungu mwingi sana, na wasomaji wakalia nami. Baadaye mwalimu mmoja wa Mahango, mpole kabisa, akaniandikia: "Muzee, pole kwa lori. Lakini hii mitende ya tende imeota lini Beni?" Huku tuna michikichi, tuna migomba. Tende tunaziona zimefungwa katika pakiti. Nikafuta picha, nikajifungia ndani siku nzima.

Na majina, jamani. Ninyi ni Wakonzo, mnajijua. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima. Ng'ambo wenzetu ni vilevile, Bwambale wao ni Kambale. Basi mimi, mwanaume niliyezaliwa wa pili na kuitwa kama nusu ya wilaya, niliandika kwamba Kambale, fundi wa pikipiki, ameuawa njiani. Nikaona inatosha. Kufikia mchana familia ambazo sikuweza kuzihesabu zilikuwa zinalia, na mafundi wa pikipiki wazima kabisa walikuwa wanapigiwa simu na wake zao wakiulizwa kama wamekufa. Mmoja alinipigia mimi. Alitaka nimwambie mkewe kwamba anapumua, kwa sababu mkewe aliamini ukurasa wangu kuliko sauti yake. Nilicheka siku hiyo. Nilipaswa kuogopa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Masereka, mhariri wetu katika redio ndogo ya Kasese nilikoanzia, kabla redio haijaona kwamba matangazo ya kubeti yanasikilizwa kuliko habari na kutuaga. Masereka hakuwa na shahada, alikuwa na kikohozi na kanuni moja. Alikuwa akisema: "Mama watatu, magari matatu." Maana yake ni hii. Jumanne na Ijumaa soko la mpakani linajaa wafanyabiashara wanawake kutoka ng'ambo, wenye mawese, wenye maharage, wenye vitenge. Hao ndio wanaojua njia ipi imefungwa na kijiji kipi kimekimbiwa, kwa sababu wasipojua wanakufa. Ukisikia habari, nenda sokoni. Ukipata mama watatu wanaosema neno moja, uliza walikuja na magari gani. Wakiwa wamepanda gari moja, huyo ni mama mmoja, kwa sababu njiani wameshapatana. Wakiwa wamepanda magari matatu, andika.

Kanuni hii ilinilinda miaka. Hata afande mmoja wa upande wetu aliponiita ofisini Kasese niliitegemea.

"Kaa chini, mzee."

Nikakaa.

"Simama kwanza. Toa kofia."

Nikasimama, nikatoa kofia.

"Sasa kaa. Nani anakutuma kuandika hii maneno?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna mutu anaandika vita bila kutumwa. Unapata wapi habari?"

"Kwa mama watatu."

Akaandika polepole. "Hii Mama Watatu ofisi yake iko wapi?"

"Sokoni, afande. Inafunguliwa Jumanne na Ijumaa."

Akaandika na hilo. Nadhani mpaka leo kuna faili linalomtafuta mkurugenzi.

Katika mama zangu, aliyekuwa juu ya wote ni mama Kanyere. Alitoka kijiji ambacho nitakiita Kivuva, maana jina lake halisi halina faida kwenu. Aliuza mawese. Mumewe alikuwa muuguzi, mwenye zahanati ya chumba kimoja na nusu, aliyekataa kukimbia wakati kijiji kizima kilipokimbia mara mbili. Mama Kanyere hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza jambo asilolijua, alisema hajui, na katika kazi yetu mtu wa namna hiyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Aliniita papa, kama wanavyowaita wazee huko kwao. Miaka yote hiyo hakuwahi kunidanganya hata mara moja.

Sasa sikilizeni kosa, maana ndilo mlilonitafutia.

Jumatano moja nilipata ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Mwanaume alisema muuguzi wa Kivuva anawatibu waasi, anawashona vidonda na kuwapa dawa. Nilisikiliza nyuma yake: kimya, hakuna jogoo, hakuna samaki. Nikasita. Lakini ukurasa ulikuwa umelala siku tatu, na ukurasa uliolala unakuwasha mwilini, mtajionea. Basi nikaandika: "Je, ni kweli muuguzi wa Kivuva anawatibu waasi?" Nikaweka alama ya kuuliza, nikalala usingizi mzuri. Ile alama, vijana, ni mto wa kulalia wa waandishi waoga. Unamchafua mtu, halafu unasema uliuliza tu.

Ijumaa nikaenda sokoni na kanuni yangu mfukoni. Mama Kanyere hakuja siku hiyo, nami sikujiuliza kwa nini. Nikamuuliza mama wa maharage kuhusu muuguzi wa Kivuva. Akasema ndiyo, kwa Kiswahili cha kwao cha ba- badala ya wa-, beko banasema anatibu waasi. Nikamuuliza mama wa vitenge, akasema neno lilelile. Mama wa chumvi akaongeza kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Magari? Matatu, tofauti, moja lilitoka Butembo kabisa. Nilisikia raha, nisiwafiche. Nikaketi palepale kwenye kibanda cha chapati, nikaandika tena habari, safari hii bila alama ya kuuliza.

Jumanne mama Kanyere alikuja bila mawese. Alisimama mbele ya meza yangu kwenye kibanda cha chapati, kitambaa kichwani kimefungwa vibaya, na yeye alikuwa mtu wa kujifunga vizuri.

"Papa, bwana yangu iko kwa basoda," akasema. "Askari bali­kuya Jumamosi, bakamuchukua. Banasema bali­soma kwa simu."

Nikamwambia pole. Nikamwambia na upuuzi mwingine, kwamba uchunguzi utafanyika, kwamba kama hana kosa ataachiwa. Aliniacha nimalize.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Nikamjibu kwa kifua mbele: mama watatu, magari matatu.

"Batu nani?" akasema. "Twende unionyeshe."

Tukazunguka soko. Mama wa maharage alisema alisikia kwa dereva wake, na dereva, aliyekuwa pale anafunga mizigo, akasema aliisoma kwa simu. Mama wa vitenge aliambiwa na mtu kwenye foleni ya forodha, mtu aliyekuwa ameshika simu. Tulipofika kwa mama wa chumvi nilikuwa nimeshaanza kutokwa jasho.

"Ni weye mwenyewe, papa," akasema, akicheka, anadhani namtania. "Si uliandika Jumatano?"

Basi. Niliuliza swali, swali likapanda magari matatu, likarudi sokoni limevaa nguo za jibu, nami nikalipokea kwa furaha. Marehemu Masereka alikufa kabla simu hazijajaa, na hakuwahi kuwaza kwamba kutakuwa na gari la nne linalofika kabla ya magari yote, na dereva wake ni mimi. Miaka yote nilikuwa nikiwacheka walioniita mpiga propaganda. Siku hiyo, kati ya magunia ya chumvi, niliona aibu.

Nikaandika masahihisho palepale. Mnajua wangapi waliyasoma? Yule bwana wa nchi ya baridi aliyasoma, akaandika kwa herufi kubwa kwamba nimetishwa. Wengine walikuwa wanaendelea kusambaza ile ya kwanza.

"Masahihisho haitafungua mulango," mama Kanyere akasema. "Utaenda useme kwa mudomo yako."

Nilikuwa na sababu nyingi za kutoenda. Waasi walijua ninapokunywa chai, jeshi lilikuwa na picha yangu, na shinikizo langu la damu lilikuwa juu. Nikamtajia zote. Alisikiliza, kisha akaniuliza tena, polepole, nani aliniambia habari ya mumewe. Tukavuka daraja, tukapanda boda boda mbili, tukaenda.

Kambi ya jeshi la ng'ambo ilikuwa shule zamani. Komanda alikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu, chini ya ratiba ya vipindi ambayo hakuna aliyeiondoa. Alinijua mara moja. Uso wake uling'aa kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni.

"Muzee wa Habari za Ng'ambo," akasema. "Miaka mingi unaandika sisi tunakimbia. Leo umekuya mwenyewe, na miguu yako. Karibu."

Nikaeleza. Nikasema habari ya muuguzi haina chanzo, kwamba nilijisikia mwenyewe nikadhani nasikia watu, na kwamba akimshikilia mtu kwa habari hiyo, anamshikilia kwa kosa langu. Akanisikiliza vizuri kuliko maafande wengi. Kisha akasukuma karatasi na kalamu.

Nikaandika kwamba sikuhakikisha habari hiyo. Akasoma, akatikisa kichwa.

"'Sikuhakikisha' ni maneno ya bavoka kule korti. Nitamufungulia mutu kwa ile neno? Andika: nilitunga. Andika: ni propaganda. Halafu muke wake anaenda naye leo."

Hapo, vijana, nisiwadanganye, nilibishana. Mtu amefungiwa anaoza ndani ya darasa la nne, na mimi nabishana juu ya maneno. Nikasema sikutunga, nilitumiwa sauti. Nikasema kutohakikisha na kutunga ni vitu viwili. Nikasema nimekataa neno propaganda miaka yote, mbele ya watu wenye bunduki, na sitalisaini sasa. Komanda alikuwa anafurahia kabisa. Nikamgeukia mama Kanyere anisaidie, aseme basi kwamba mumewe ni mtu safi, kwamba hajatibu waasi, mbona anakaa kimya. Alikuwa ananitazama tu.

Nikaandika: nilitunga. Nikaandika: ni propaganda. Nikasaini. Komanda akaniambia nishike karatasi juu ya tumbo, akapiga picha, na kabla wino haujakauka nilikuwa nimeshafika simuni mwa nusu ya dunia. Bwana wa nchi ya baridi, nasikia, alilia kwa furaha.

Muuguzi alitolewa jioni ikiwa bado na jua. Alikuwa amekonda, jicho moja limevimba, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniangalia mguu, maana nilikuwa nachechemea, kiatu kimenikata. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara kusubiri pikipiki, akanivua soksi, akamwomba mkewe maji, akaanza kunisafisha lile lengelenge.

Nikamwomba msamaha. Nilijipanga, nikasema maneno mazuri: kwamba nimemsingizia, kwamba uongo wangu ungemuua, kwamba nitaishi na aibu hiyo.

Akaendelea kufuta. "Hapana uongo, papa," akasema. "Niliwatibu. Batoto mbili, hata ndevu bado, balikuya na tumbo wazi. Mwezi wa nyuma nilitibu pia basoda wa huyu komanda. Mimi nashona mutu. Siulizi ametoka wapi."

Nikamtazama mama Kanyere. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha kichwa upya, taratibu, kwa namna yake ya siku zote. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu aliposimama mbele ya meza yangu, hakuwahi kusema kwamba niliandika uongo. Aliniuliza tu nani aliniambia. Na mimi, mzoefu, fundi wa kusikiliza jogoo nyuma ya msemaji, sikusikia.

Nilikaa pale mguu wangu ukiwa katika mapaja ya yule mtu, nikifanya hesabu ambayo mpaka leo hainitoki vizuri. Niliandika jambo la kweli bila kulijua, likakaribia kuua mtu. Nikasaini jambo la uongo kuliko nilivyojua, likamtoa. Propaganda ya kwanza kabisa niliyoiandika maishani mwangu ni ile karatasi ya kusema kwamba mimi ni mpiga propaganda.

Muuguzi alifariki miaka mingi baadaye, kwa kisukari, kitandani mwake, amezeeka. Mjane wake ndiye aliyeniruhusu niwaambieni haya, ila alinionya nisimtie mumewe utakatifu, kwa sababu alikuwa mkaidi na alikoroma.

Pale barabarani alipomaliza kunifunga mguu, aliona simu imechomoza mfukoni mwangu. "Utaandika?" akauliza.

Fikirini vizuri alichokuwa ananiuliza. Miaka yote nilihangaika na mama watatu na magari matatu, na sasa nilikuwa na mwenye habari mwenyewe, kwa mdomo wake, bila gari hata moja. Habari kamili, ya kweli, iliyohakikishwa, ambayo ingelisafisha jina langu kabla ya giza kuingia, na ambayo ingemrudisha darasa la nne kabla ya asubuhi.

Nikaitoa simu. Nikaizima. Pikipiki zikaja, tukapanda.